Mkalimani na Wikiendi Yake ya Lisbon

Ilinichukua karibu mwaka mzima pale Guangzhou kugundua kwamba Mkalimani hakuwa akitafsiri tunayoyasema.

Nilikuwa nimeshaokota Kichina cha sokoni: namba, rangi, duoshao qian ya kuulizia bei, meiyou ya kuambiwa kitu hakipo. Siku hiyo tulikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la nguo pale Sanyuanli, na mama mmoja wa Kahama alikuwa amepandwa na hasira. Magauni aliyoletewa hayakuwa yale aliyoyachagua. Yale ya sampuli yalikuwa na bitana. Haya ukitia mkono ndani unahesabu vidole.

"Mwambie huyu mwanamume ni mwongo," alisema, akigonga meza. "Na mama aliyemzaa ni mwongo. Mwambie hivyohivyo nilivyosema!"

Mkalimani akamgeukia laoban, yaani mwenye duka, akazungumza taratibu, sauti ikipanda na kushuka. Laoban akakunja uso, halafu akaukunjua. Akamvutia yule mama kiti. Akamimina chai kwenye vikombe vile vyao vidogo kama vya kuchezea watoto. Haikupita muda, msichana wa dukani akawa anashusha marobota mengine kutoka stoo.

"Umeona?" mama wa Kahama akaniambia tukiwa kwenye lifti. "Hawa ukiwaambia ukweli wananywea."

Mimi katika maneno yote yale nilikuwa nimedaka mawili niliyoyajua vizuri, haizi na lei. Watoto, na kuchoka. Tulipobaki wawili nikamuuliza alimwambia nini yule bwana.

"Nimemwambia huyu mama ana watoto wanne na amechoka," akasema. "Uongo? Hana wanne? Hajachoka?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Waislamu wa Dar na Unguja walimwita Mkalimani, sisi Wakristo wa bara tukamwita Mkalimani, na Wakongo wa jengo la pili wakaongeza Maman mbele yake. Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mwenye paji la uso pana na mtandio wa bluu ambao tuliutumia kama bendera, maana alitembea mbele bila kugeuka nyuma, na katika umati wa Sanyuanli ukipotezana na ule mtandio umepotea mzimamzima. Sisi wenyewe kwa wenyewe tuliitana kwa miji tuliyotoka. Mimi nilikuwa Mwanza. Akinihitaji kwa jambo, nilikuwa mdogo wangu.

Tulipanga jengo moja, kila mwanamke na chumba chake. Mimi nilikaa pale kupokea mizigo ya duka letu la familia, yeye alikaa ghorofa ya chini yangu, na kwa sababu hiyo nilimjua kuliko wengine, au nilidhani namjua.

Matusi aliyalainisha, lakini namba hakuigusa. Ukisema sentimita sitini, kwa laoban zinafika sitini. Ukisema rangi ya ugoro, hakubali wakuletee rangi ya chai. "Maneno ya hasira yanapita," aliniambia, "lakini kontena likishafungwa limefungwa." Kwa hiyo watu walimwamini kwa moyo wote, na walikuwa na haki ya kumwamini, ingawa kila siku alikuwa anawatia midomoni maneno ambayo hawajawahi kuyasema. Kuna mzee wa Zanzibar aliyefanya biashara na kiwanda kimoja miaka saba, akisifiwa kwa upole wake mpaka na walinzi wa getini. Mzee yule nilimsikia mwenyewe. Alikuwa anatukana tangu anashuka kwenye gari mpaka anapanda.

Nilipenda zaidi siku za Shiling, ule mji wa mikoba. Tulipanda basi asubuhi, akalala njia nzima kichwa kikigonga dirisha, na tukifika tu anakuwa mtu mwingine. Aliingia kiwandani akachukua mkoba, akautia pua ndani kabisa kama anayenusa chungu cha mchuzi. "Hii ngozi ya karatasi," anasema. Au anafungua zipu na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka fundi anaanza kutazama chini mwenyewe. Siku moja aliwafanya wafumue zipu za mikoba mia nzima, na wakati wanafumua yeye ameketi kati yao anamenya machungwa na kuwagawia.

Yeye binafsi hakuwa na mkoba. Vitu vyake vyote, pasipoti, miwani, simu, msala mdogo wa safari, vilikaa kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, akauzungusha mshiko mara mbili kwenye kifundo cha mkono. Nilimnunulia mkoba mmoja mzuri, mweusi. Akanishukuru sana, akauweka juu ya kabati, ukakaa pale na karatasi zake tumboni.

Kulikuwa na kazi moja asiyoifanya. Mfanyabiashara mmoja wa simu kutoka Arusha alimpenda muuzaji wa vioo vya simu, akamwomba Mkalimani akamfikishie maneno yake. Tulikuwa watu watano pale, kila mmoja akingoja kucheka.

"Hayo siyabebi," akasema.

"Mama yangu, nitakupa zawadi."

"Hata ungenipa jengo. Kayaseme mwenyewe, hata kwa vidole. Maneno ya mtu na mtu wake mie sikai katikati."

Alisema kwa ukali hata yule bwana akaomba radhi. Wakati ule nilidhani ni mambo ya dini.

Nyumbani alikuwa mtu wa kupiga pasi. Alipiga pasi mashuka, mapazia, hata vitambaa vya kufutia vyombo. Ijumaa alipika wali wa nazi, nazi ya kopo, akiilalamikia ile nazi tangu anaifungua mpaka tunaosha sahani. Aliuliza habari za watu wote. Alijua mume wa fulani ana presha, mtoto wa fulani amefeli hesabu. Habari zake mwenyewe ukimuuliza alikujibu kwa swali lingine, na ukishtukia umeshamweleza habari za shangazi yako.

Kitu kimoja tu ndicho alichokionyesha waziwazi, nacho ni Lisbon.

Juu ya sufuria yake ya umeme ya wali palitundikwa kalenda ya miaka mingi nyuma, imeachwa kwenye mwezi mmoja haigeuzwi. Ilikuwa na tramu ya njano inapanda kilima, nguo zimeanikwa kwenye roshani, na chini kabisa mstari wa bluu. "Bahari," aliniambia, akiugusa kwa ncha ya mwiko. Kwenye simu alikuwa na video za watu wanaotembea mji ule na kamera mkononi, hawasemi kitu, wanatembea tu. Alizitazama akimenya vitunguu. Baada ya muda akawa anajua njia. "Hapa akikata kushoto kuna duka la samaki wa kopo. Sasa ngazi. Ngazi nyingi hizo, asichoke."

Na mpango wake haukubadilika: aingie Ijumaa, aondoke Jumatatu.

Tulimcheka. "Mkalimani, wenzako wanaenda Ulaya kutafuta maisha, wewe unaenda wikiendi?"

"Wikiendi inanitosha."

"Siku tatu utaona nini?"

"Nikiona ninachokitaka, ya nne ya nini?"

Tulichukulia ni starehe ya mtu mmoja, kama wengine wanavyotamani gari la aina fulani. Viza alinyimwa mara mbili. Mara zote mbili alirudi na ile karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia "meiyou" kwa sauti ya wauza duka, tukacheka, halafu akawasha pasi. Mara ya pili alipiga pasi mpaka nikashuka kumwambia moshi unafika kwangu.

Mara ya tatu alipanda yeye mwenyewe kugonga mlango wangu.

"Mdogo wangu, tuombe pamoja. Twende wote."

"Mie? Nikafanye nini Lisbon?"

Akakaa kwenye robota la jeans lililokuwa pale mlangoni. "Sijawahi kukaa mahali ambapo siwaelewi watu," alisema. "Hata huku nilikuja nikiwa nimeshajifunza. Kule nitakuwa kama nyinyi."

Nilikuwa sijapumzika kazi miaka miwili. Nikakubali. Safari hii wakatupa.

*

Tulitua Ijumaa mchana. Jua lilikuwa kali lakini upepo wa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mkalimani alitembea nyuma yangu. Alinishika mkono wa koti. Mtu akitusemesha, ananitazama mimi nijibu, wakati mimi Kiingereza changu chenyewe ni cha kuombea maji.

Mji ulikuwa kama ulivyokuwa kwenye simu yake. Tramu ya njano ilipita ikilia, nguo zimeanikwa, kuta zimebandikwa vigae vya bluu na nyeupe. Yeye alikuwa na haraka ya kwenda chini, kwenye ule mstari. Tulishuka ngazi baada ya ngazi mpaka tukafika ukingoni, maji mapana yametanda mbele yetu. Akasimama. Akatazama ng'ambo, akaona majengo.

"Mbona kuna watu upande wa pili?"

Mzee mmoja alikuwa anavua kwa ndoano pale ukingoni. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu kama hii ni bahari. Akacheka, akatuonyesha kwa kidole kuwa bahari iko mbali kule, hapa ni mto.

"Mto!" Mkalimani alisema. "Miaka yote ile natamani mto!" Akaketi kwenye jiwe akacheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani. Nilimwona amekuwa msichana.

Kilichomrudisha kwenye hali yake ni meza. Tuliingia mkahawani, mhudumu akatuuliza kitu, na katika yale maneno yake Mkalimani akadaka moja. Akanipiga kiwiko. "Kasema meza! Mwanza, kasema meza!" Tangu hapo akawa kama mtu aliyeokota ufunguo. Bendera ilikuwa karibu bendera, leso karibu leso, kopo karibu kopo. Bibi zetu kule Pwani waliyachukua kwa watu hawa, akanieleza, wakakaa nayo mpaka yakawa yetu. Jioni nilimwomba tusimame mlangoni pa kanisa nipige magoti kidogo. Alimsikia mama mmoja akilitaja lile jengo, akanivuta nyuma.

"Usiingie. Anasema gereza."

"Ni kanisa, Mkalimani. Huoni msalaba?"

"Anasema gereza, mie nimesikia!"

Kumbe neno lao la kanisa ndilo hilo hilo lililokuja kuwa gereza letu. Nikaingia, akanisubiri nje, na nilipotoka alikuwa bado anacheka peke yake na wapita njia wanamkwepa.

Jumamosi hakucheka. Aliamka akavaa vizuri, akanyoosha mtandio kwa mikono kwa sababu hotelini hapakuwa na pasi, na tukaenda kwenye mkahawa uliopo mkabala na kituo cha boti zinazovusha watu. Akachagua meza ya viti vitatu. Ilikuwa bado nusu saa kufika saa sita.

"Tunamsubiri nani?"

"Mdogo wangu."

Nilikuwa nimekaa naye miaka sita, nimekula wali wake Ijumaa mia, na sikujua ana mdogo wake hapa duniani.

Akanieleza akiwa anautazama mlango. Mdogo wake alitakiwa kuolewa. Mchele ulishachambuliwa, wapishi wa pilau walishafika, bwana harusi na jamaa zake wameshalala kwa jirani. Asubuhi ya akidi ya ndoa hakuonekana. Baadaye sana wakapata habari kwamba yuko Msumbiji, halafu kwamba amefika Ureno. Mama yao hakumtaja jina lake tena. Si kwamba aliwakataza watu. Yeye tu ndiye hakumtaja.

Miaka ikapita, mama akaugua. Mkalimani akaruka kutoka Guangzhou kwenda kumuuguza. Siku moja hospitalini simu ikalia, mdogo wake huyo anapiga kutoka Lisbon, analia. Hakuwa na karatasi za kukaa. Akitoka asingeweza kurudi.

"Akasema, mwambie mama anisamehe. Mama simu haisikii, na sauti yake ilikuwa imekwisha, mpaka uinamishe sikio. Basi mie nikawa katikati. Nikamwambia mama, anaomba umsamehe. Mama akajibu. Nikarudi kwenye simu nikasema, mama anasema amekusamehe, tulia."

"Na mama hakusema hivyo."

"Hakusema hivyo. Na mama yetu mdogo alikuwa amekaa pale kitandani, kasikia. Baada ya msiba akamwambia mdogo wangu: dada yako kakudanganya, mama yenu alisema mengine. Akamwuliza, mengine gani? Mama mdogo akasema, siwezi kuyatamka. Basi. Mdogo wangu akanipigia mara moja, akaniambia maneno ambayo hata mie ningeshindwa kuyalainisha, akanifungia simu. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Alisemaje mama?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tukae. "Hayo yana mwenyewe. Akishayapata yeye, utayasikia."

Binamu yao wa Dar ndiye aliyepeleka ujumbe na kurudisha jibu: Jumamosi, saa sita, mkahawa wa mbele ya boti. Saa sita ikafika. Boti zikaleta watu, zikachukua watu. Kila yakifunguliwa mageti ya kituo, Mkalimani aliinuka nusu, halafu akakaa. Saa saba. Saa nane mhudumu alikuja kuuliza kama anaweza kukihamisha kile kiti cha tatu. Mkalimani hakuelewa maneno, lakini alielewa mkono ulioshika kiti, akakiwekea mfuko wake wa plastiki juu. Tulikaa mpaka saa kumi.

Nilimwambia turudi hotelini. Akasema, "Kesho tunavuka."

*

Jumapili asubuhi tulipanda boti. Anwani alikuwa nayo siku zote, imeandikwa kwa mwandiko wa binamu yule. Ng'ambo ya mto hakukuwa na vigae wala tramu. Palikuwa na majengo ya kawaida, rangi imebanduka, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, harufu ya kitunguu kinakaangwa. Tulipanda ghorofa tatu. Mkalimani akabonyeza kengele, akarudi hatua mbili nyuma.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyevaa sare ya kazi, amechoka, kwa vile alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Paji la uso lilikuwa lile lile. Wakatazamana.

"Shikamoo, dada," akasema. Nadhani ilimtoka kabla hajaizuia.

"Marahaba."

Kisha akanitazama mimi. "Huyu nani?"

"Rafiki yake," nikasema. "Tunakaa jengo moja."

"Umekuja na shahidi," akamwambia dada yake. Lakini akatupisha.

Hakutukaribisha kuketi. Sebule ilikuwa ndogo, mashine ya kufulia inazunguka pembeni. Akaegemea ukuta, mikono ameikunja.

"Jana nilifika mpaka kwenye boti," akasema. "Nikarudi. Kwa hiyo sema upesi kabla sijakufukuza. Alinilaani?"

"Hakukulaani."

"Alinisamehe?"

"Hakusema hivyo."

"Alisemaje? Usiongeze, usipunguze. Wewe nakujua."

Mkalimani aliishusha mikono ubavuni kama mtoto anayesomeshwa. Nimemwona akizungumza mbele ya mabosi wa viwanda, mbele ya polisi wa mtaa, mbele ya wanaume ishirini wanaogombea kontena moja. Sijawahi kumwona anatafuta pumzi.

"Alisema: Muulize kwa nini hakunichukua na mimi."

Mashine ya kufulia ikamaliza mzunguko, ikatulia. Mdogo mtu alitelemka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Mama?" akasema. "Mama aende wapi?"

"Sijui."

"Mama yetu huyu?"

"Huyo huyo."

Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Miaka yote nimejua kanilaani. Mimba yangu ilitoka nikasema, ni mama. Ya pili ikatoka nikasema, ni mama, anaendelea. Nikaacha kujaribu." Akainua uso. "Kwa nini hukuniambia? Maneno yenyewe ndiyo hayo, kwa nini hukuniambia?"

"Baba alikuwa amekaa mlangoni," Mkalimani akasema. "Palepale kwenye benchi, na vitafunio vya mama mkononi. Miaka arobaini wamekaa nyumba moja. Niliona aibu. Nikaona nikisema hivyo kwenye simu, na yeye anasikia, nimeivunja nyumba. Nikasema linalosemwaga."

Nikaona mimi ni wa kutoka. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile zaidi ya saa nzima. Mwanzoni nilisikia kelele, ya mmoja, kisha ya mwingine, kisha zote mbili. Halafu sauti ya vikombe. Halafu mlango ukafunguka, na mdogo mtu akaniuliza kama nimeshawahi kuiona bahari ya huku.

Tulirudi kwa boti, tukapanda treni inayofuata ukingo wa maji mpaka mto ukaishia na upande wa pili ukatoweka. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuumiza mifupa. Wale wawili walipandisha nguo mpaka magotini wakaingia, wamekamatana viwiko, wakipiga kelele kila wimbi likija. Mimi nilishika mizigo. Tulikula mkate na samaki wa kukaanga tukiwa tumekaa mchangani, na mdogo mtu alimfundisha dada yake majina ya vitu, mchanga, kijiko, mbwa, na kila mara Mkalimani akidaka linalofanana na letu alipiga kofi. Saa kumi na moja ilimbidi mwenzetu akalale kidogo kabla ya zamu. Kituoni hawakusema maneno makubwa. Alimrekebisha dada yake mtandio, akamwambia, "Kula. Umekonda." Jumatatu tukaruka.

*

Nilidhani baada ya pale hamu itakuwa imemwisha. Aliishusha ile kalenda, akaacha zile video. Lakini Jumapili, kwa Jumapili zote zilizofuata, alikuwa mtu wa dirishani. Walipigiana simu, ndiyo, na baada ya simu alikaa pale amepakata mikono. Zamani alikuwa anatamani mji aliouona kwa wapiga kamera. Sasa alikuwa anatamani mchana mmoja wenye saa tano, na watu waliokuwamo anawajua. Aliniambia mara moja kwamba ile hamu ya kwanza ilikuwa nyepesi kuibeba.

Aliomba viza tena akanyimwa. Mimi nikarudi Mwanza. Ikaja ile miaka ya kufungiwa kwa sababu ya ugonjwa, hakuna anayeingia Guangzhou wala anayetoka, na tulipofunguliwa nilikuta Sanyuanli imepungua watu wetu, majengo mengine yamebadilishwa kazi. Mkalimani hayupo. Wakaniambia amehamia Nansha, bandarini, ameajiriwa na wakala wa mizigo.

Nilimkuta kwenye mkahawa wa Waislamu wanaovuta tambi kwa mikono, saa ya chakula cha mchana, madereva wa malori wamejaa. Nywele za pembeni ya mtandio zilikuwa nyeupe. Alinikumbatia akanishika uso kwa mikono miwili akanikagua kama zipu. Aliniuliza habari za mume wangu, watoto, duka, shangazi yangu. Nilijibu yote. Halafu nikamuuliza habari za mdogo wake.

"Mzima. Amepata karatasi zake." Akazungusha tambi kwa vijiti bila kuzila. "Mwanza, ile simu ya hospitali. Mie nilisema nusu."

Nikaweka vijiti chini.

"Mama hakufa siku ile. Aliishi siku tisa. Na yeye alikuwa ameuliza swali, sivyo? Basi alikuwa anangoja jibu. Kila asubuhi nikimwosha uso ananiuliza, amejibu? Namwambia bado. Kesho yake, amejibu? Bado, mama. Siku ya nne nikashindwa. Nikamwambia, amejibu. Anasema alikosea kukuacha. Anasema anakuja kukuchukua."

"Akasemaje?"

"Akaniagiza viatu vyake, vile vyeusi vya kutokea. Nikavileta kutoka nyumbani, nikavipiga rangi, nikaviweka chini ya kitanda. Zile siku zilizobaki alikuwa anashusha mkono anapapasa kama vipo. Hakuuliza tena."

Nje lori lilirudi kinyumenyume likilia. Dereva wa meza ya jirani alinyanyua bakuli akamalizia supu.

"Mdogo wako anajua?"

"Bado."

"Mwambie kwenye simu, Mkalimani. Usingoje."

"Kwenye simu ndiko nilikoharibu." Akakisogeza chakula pembeni. "Nimeomba viza. Majibu mwezi ujao. Wakinipa naingia Ijumaa."

Nikamuuliza vile viatu viliishia wapi, kama walivigawa msibani pamoja na nguo.

"Ninavyo hapa Nansha, kabatini," alisema. "Nimejaribu kuvivaa, vinanibana. Mdogo wangu ndiye mwenye mguu wa mama."